Msimamo wa Kiongozi na Nguvu ya Sheria: Somo kutoka Afrika Kusini

SOMO LA KAMATI KWA ROBO HII



Kamati nyingi za parokia na sharika hukutana na swali hili hata kama halimo kwenye ajenda: mgombea huyu, au mbunge yule, ana msimamo gani kuhusu ndoa ya watu wa jinsia moja? Wakati mwingine swali hutoka kwa waumini. Wakati mwingine hutoka kwa marafiki wa ng'ambo wanaochangia kisima, zahanati au ada za wanafunzi, nao wangependa kujua wanashirikiana na watu wa mtazamo gani. Mara nyingi jibu hutolewa kwa sentensi moja. Watu hupiga makofi au hununa, na mazungumzo huishia hapo.

Jambo hili limekwisha kugusa ushirikiano wa makanisa yetu. Mwezi Oktoba 2009 Kanisa la Sweden liliamua kufungisha ndoa za watu wa jinsia moja. Mwaka 2010 maaskofu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT, walitoa Tamko la Dodoma kupinga ndoa hizo, na tamko hilo lilifika hadi kwenye suala la kupokea misaada. Kwa hiyo si habari ya wanasiasa peke yao. Inafika hadi kwenye meza ya mweka hazina wa parokia.

Somo hili halikusudii kubadili mafundisho ya kanisa lolote juu ya ndoa. Linakusudia kutufundisha namna ya kupima msimamo wa kiongozi wa siasa kwa haki. Tumechagua Afrika Kusini kwa sababu huko jambo hili lilianzia kwenye katiba, likafika mahakamani, likajadiliwa bungeni na hatimaye likawa sheria. Viongozi waliosimama pande zote mbili wanajulikana, na matendo yao yako wazi.

Muda wa somo: dakika 90.
Maandiko ya kusoma pamoja kabla ya kuanza: Kutoka 20:16, Mithali 18:13 na 18:17, Warumi 13:1-7, Matendo 5:29.

1. JAMBO LILIANZIA KWENYE KATIBA

Watu wengi hudhani kwamba siku moja wabunge wa Afrika Kusini waliamka na kutunga sheria ya ndoa ya jinsia moja. Haikuwa hivyo. Mzizi wake uko kwenye katiba iliyoandikwa baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka.

Watu waliotoka kwenye miaka mingi ya kupangwa kwa rangi ya ngozi walitaka kuandika orodha ya mambo ambayo serikali haitayatumia tena kumbagua mtu. Waliandika rangi, jinsia, dini, ulemavu, lugha na mengineyo. Katika orodha hiyo waliandika pia mwelekeo wa kimapenzi. Bunge la Katiba, lililoongozwa na Cyril Ramaphosa, lilipitisha katiba hiyo tarehe 8 Mei 1996 kwa kura 421 dhidi ya 2, wajumbe 10 wakijizuia. Rais Nelson Mandela aliitia sahihi Sharpeville tarehe 10 Desemba 1996.

Kura mbili za hapana zilitoka chama cha ACDP, chama cha Wakristo kilichoongozwa na Mchungaji Kenneth Meshoe. Tutarudi kwake baadaye.

Mwaka 1998 Mahakama ya Katiba ilifuta sheria zilizofanya mapenzi kati ya wanaume kuwa kosa la jinai. Tuzingatie mpangilio huu: jinai ilifutwa mwaka 1998, na ndoa ikaja mwaka 2006. Kati yake ipo miaka minane. Ni mambo mawili tofauti, na kiongozi anaweza kuwa na msimamo mmoja kwa jambo la kwanza na msimamo mwingine kwa jambo la pili.

2. MAHAKAMA YALIRUDISHA SUALA BUNGENI

Wanawake wawili waliokuwa wakiishi pamoja tangu mwaka 1994 walikwenda mahakamani wakitaka ndoa yao itambuliwe. Kesi ilipanda ngazi hadi Mahakama ya Katiba. Muungano wa makanisa uliopinga ndoa hizo ulisikilizwa mahakamani, nao uliungwa mkono na Kardinali Wilfrid Napier, Askofu Mkuu wa Durban.

Hukumu ilitolewa tarehe 1 Desemba 2005, ikiandikwa na Jaji Albie Sachs. Mahakama ilisema kwamba sheria ya ndoa, kwa kuwaacha nje wapenzi wa jinsia moja, ilivunja katiba. Hata hivyo haikubadilisha sheria papo hapo. Ililipa Bunge mwaka mmoja kurekebisha kasoro hiyo, na kama Bunge lisingefanya hivyo, maneno ya sheria ya ndoa ya mwaka 1961 yangesomwa upya kwa amri ya mahakama.

Mahakama ilisema mambo mengine mawili yanayowahusu waumini moja kwa moja. Kwanza, ilikiri kwamba dini ina nafasi kubwa katika maisha ya taifa, lakini mafundisho ya dini moja hayawezi kuwa kipimo cha kutafsiri katiba ya watu wote. Pili, ilieleza kwamba hakuna mchungaji wala padre atakayelazimishwa kufungisha ndoa iliyo kinyume cha imani ya kanisa lake.

Kwa hiyo mbunge aliyeingia bungeni mwaka 2006 hakuwa na uwanja mtupu mbele yake. Hata kama angepiga kura ya hapana, na wenzake wote wakafanya hivyo, ndoa hizo zingekuja kwa njia ya mahakama. Asiyejua hili hawezi kuielewa kura iliyopigwa.

3. VIONGOZI WALISIMAMA WAPI?

Muswada wa kwanza ulioletwa na serikali haukutumia neno ndoa kwa watu wa jinsia moja. Ulipendekeza ushirika wa kiraia. Wananchi walisikilizwa mikoani, na wengi waliofika, wakiwamo viongozi wa dini na wa jadi, waliupinga. Watetezi wa haki nao waliupinga kwa sababu tofauti: walisema jina la pembeni ni daraja la pili la uraia. Mwishoni muswada ulirekebishwa, na wanandoa wakapewa hiari ya kuchagua kuita muungano wao ndoa au ushirika wa kiraia.

Tarehe 14 Novemba 2006 Bunge liliupitisha kwa kura 230 dhidi ya 41. Baraza la Mikoa likaupitisha mwezi huohuo. Makamu wa Rais Phumzile Mlambo-Ngcuka, akikaimu nafasi ya Rais Thabo Mbeki, aliutia sahihi, na sheria ikaanza kutumika tarehe 30 Novemba 2006, siku moja kabla ya muda wa mahakama kwisha. Afrika Kusini ikawa nchi ya kwanza barani Afrika, na ya tano duniani, kuruhusu ndoa hizo.

Sasa tuwatazame viongozi wenyewe.

Mchungaji Kenneth Meshoe. Alipinga mwaka 1996, akapinga tena mwaka 2006. Hakuishia kwenye hotuba. Alitafuta kurekebisha katiba ili ndoa ielezwe kuwa ya mwanamume na mwanamke. Aliona kwamba kama tatizo liko kwenye katiba, kuipinga sheria ndogo peke yake hakutoshi. Hakufanikiwa, kwa kuwa chama chake kilikuwa kidogo na marekebisho ya katiba huhitaji wingi mkubwa wa kura. Hata asiyekubaliana naye atakiri kwamba maneno yake, kura yake na hoja yake vilikwenda njia moja.

Mosiuoa Lekota. Alikuwa Waziri wa Ulinzi na mwenyekiti wa taifa wa ANC. Aliwahi kufungwa Robben Island kwa kupinga ubaguzi wa rangi. Bungeni aliutetea muswada akikumbusha kwamba wapenzi wa jinsia moja nao walikuwamo katika mapambano ya ukombozi, na kwamba haingekuwa haki kufurahia uhuru pamoja nao halafu kuwanyima sehemu yake. Hoja yake haikuhusu maana ya ndoa mbele za Mungu. Ilihusu deni la nchi kwa raia wake.

Vyama. ANC iliwataka wabunge wake wapige kura kwa msimamo wa chama. Chama kikuu cha upinzani, DA, kiliwaachia wabunge wake wafuate dhamiri. Hapa ipo hesabu ya kutafakari. Katika Bunge la viti 400, ANC peke yake ilikuwa na zaidi ya viti 270. Lakini kura zote za ndiyo, pamoja na za wabunge wa vyama vingine, zilikuwa 230. Wapo basi wabunge wa chama tawala ambao kura zao hazikuonekana siku hiyo. Hatuwezi kusema sababu ya kila mmoja wao. Tunachoweza kusema ni kwamba kura ya chama haionyeshi daima moyo wa mbunge, na kiti kilicho wazi hakimjibu mpiga kura.

Jacob Zuma. Huyu ndiye mfano wenye mafunzo mengi zaidi. Tarehe 24 Septemba 2006, Siku ya Urithi, akihutubia KwaDukuza, alisema kwamba ndoa hizo ni aibu kwa taifa na kwa Mungu. Aliongeza kwamba alipokuwa kijana, shoga asingethubutu kusimama mbele yake bila kupigwa. Watu walimshangilia. Siku chache baadaye aliomba radhi.

Tuangalie mazingira. Zuma alikuwa ameondolewa umakamu wa rais mwaka 2005, na hakuwa mbunge tena, hivyo hakuwa na kura ya kupiga juu ya muswada ule. Tarehe 20 Septemba, siku nne kabla ya hotuba, mahakama ya Pietermaritzburg ilikuwa imeiondoa kesi yake ya rushwa kwenye orodha. Alikuwa akitafuta uongozi wa ANC, ambao aliupata Desemba 2007.

Kisha akawa rais kuanzia Mei 2009 hadi Februari 2018. Katika karibu miaka tisa hiyo sheria ya mwaka 2006 haikuguswa. Zaidi ya hayo, Juni 2011 ujumbe wa serikali yake ndio uliowasilisha mbele ya Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa azimio la kwanza la baraza hilo kuhusu ukatili na ubaguzi dhidi ya watu kwa sababu ya mwelekeo wao wa kimapenzi. Lilipita kwa kura 23 dhidi ya 19.

Waliomshangilia KwaDukuza kwa kudhani wamepata mtetezi wa ndoa ya jadi walipata kitu gani? Walipata hotuba. Alipokuwa hana mamlaka alisema kwa ukali, na alipoyapata aliiacha sheria kama alivyoikuta, kwa kuwa rais huapa kuilinda katiba.

4. SHERIA ILIFANYA NINI KWA MAKANISA?

Hofu kubwa ya waumini ilikuwa kwamba makanisa yatashurutishwa. Sheria ya mwaka 2006 haikufanya hivyo. Sheria ya zamani ya ndoa iliendelea kuwapo. Kanisa au dhehebu lililotaka kufungisha ndoa chini ya sheria mpya lilipaswa kuomba kwa Waziri lenyewe. Ambalo halikuomba halikuhusika. Makanisa mengi, yakiwamo Katoliki na Anglikana, yaliendelea na mafundisho yao ya awali juu ya ndoa.

Kwa watumishi wa serikali hali ilikuwa tofauti. Kifungu cha 6 kilimruhusu afisa wa serikali anayefungisha ndoa kumwandikia Waziri kwamba dhamiri yake haimruhusu kufungisha ndoa ya watu wa jinsia moja. Baada ya miaka kadhaa ilionekana kwamba katika ofisi nyingine hakukuwa na afisa hata mmoja aliye tayari. Mtu aliyekuwa na haki kwenye karatasi alirudishwa dirishani. Mbunge Deidre Carter wa COPE alileta muswada wa kufuta kifungu hicho, na Rais Ramaphosa akautia sahihi Oktoba 2020. Huyu ndiye aliyeongoza Bunge la Katiba mwaka 1996. Chama cha ACDP kilipinga ufutaji huo, kikisema dhamiri ya mfanyakazi nayo ni haki ya katiba.

Hapa pana swali zito ambalo Wakristo waaminifu hulijibu tofauti. Mchungaji ni mtumishi wa kanisa lake, na sheria ilimwacha huru. Afisa wa serikali hulipwa kwa kodi ya wote na huwahudumia wote. Je, dhamiri yake iishie wapi, na haki ya anayehudumiwa ianzie wapi? Kamati isikimbilie jibu. Isikilize kwanza.

5. MANENO YA KIONGOZI HUMWANGUKIA NANI?

Februari 2006, katika mwaka uleule wa mjadala, msichana wa miaka 19 aliuawa Khayelitsha, Cape Town, na kundi la vijana kwa sababu alijulikana kuwa msagaji. Aprili 2008 Eudy Simelane, aliyewahi kuichezea timu ya taifa ya wanawake ya soka, alibakwa na kuuawa KwaThema, mashariki mwa Johannesburg. Naye alijulikana waziwazi kuwa msagaji. Sheria nzuri kwenye gazeti la serikali haikuwalinda.

Hatusemi kwamba hotuba fulani ndiyo iliyosababisha kifo fulani. Tunasema kwamba kiongozi anaposimulia kupigwa kwa mtu kama jambo la kuchekesha, wapo vijana wanaosikiliza. Kupinga muswada kwa hoja ni haki ya kila raia. Kumfanya jirani awe windo ni jambo lingine kabisa. Kanisa linalofundisha kwamba ndoa ni ya mwanamume na mwanamke halipunguzi fundisho lake hata kidogo linapokataa mtu kupigwa, kufukuzwa kwao au kunyimwa dawa. Na mwanasiasa anayetetea fundisho hilo anaweza kudaiwa vivyo hivyo.

6. KWETU IMEANDIKWAJE?

Katika nchi zetu sheria imeelekea upande mwingine. Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 9, inaieleza ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 45, inatoa haki ya kuoa au kuolewa na mtu wa jinsia tofauti. Uganda ilirekebisha katiba yake mwaka 2005, na ibara ya 31 ikakataza ndoa za jinsia moja. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, ibara ya 40, nayo inataja mtu wa jinsia tofauti.

Maana yake ni nini kwa mpiga kura? Mgombea udiwani anayeahidi kuzuia ndoa za jinsia moja anaahidi jambo ambalo sheria imekwisha kulisema, na ambalo diwani hana mamlaka nalo. Ana haki ya kueleza imani yake. Lakini kamati nayo ina haki ya kumwuliza habari za yale yaliyo mikononi mwake: bomba lililokauka, barabara ya kwenda zahanati, fedha za ujenzi wa madarasa. Imani ya kweli ya kiongozi haiogopi maswali hayo.

7. MASWALI MANNE YA KUPIMA MSIMAMO

Tukikusanya mafunzo ya Afrika Kusini, tunapata maswali manne yanayofaa kwa kiongozi yeyote, awe anaunga mkono au anapinga:

- Anaamini nini, na anakieleza kwa hoja au kwa matusi?
- Ana mamlaka gani hasa juu ya jambo hili? Ni la katiba, la mahakama, la bunge au la halmashauri?
- Alipokuwa na mamlaka, alifanya nini? Alipiga kura? Alileta hoja? Alikaa kimya?
- Maneno yake yatamwangukia nani, na yeye atasimama wapi siku hiyo?

Kwa marafiki wanaotuchangia tuna ombi moja. Mnaposikia mwanasiasa wa nchi yetu akinukuliwa, msichukue maneno yake kuwa sauti ya kila parokia. Nasi kwa upande wetu tusichukue kauli ya waziri wa nchi yenu kuwa moyo wa kila mwenye kutoa sadaka yake kanisani kwenu. Ushirikiano hudumu pale kila upande unapomwuliza mwenzake mwenyewe, badala ya kusoma magazeti juu yake.

MASWALI YA MAJADILIANO KATIKA KAMATI

1. Soma Mithali 18:17. Je, katika parokia yetu tumewahi kumhukumu kiongozi kwa kusikia upande mmoja tu?
2. Kati ya Meshoe, Lekota na Zuma, ni nani unayemheshimu zaidi kwa namna alivyoshika msimamo wake? Jibu bila kutazama kwanza kama unakubaliana naye.
3. Tofauti kati ya kufuta adhabu ya jinai na kuruhusu ndoa ni ipi? Kwa nini watu huzichanganya?
4. Warumi 13 na Matendo 5:29 zinamwambia nini afisa wa serikali ambaye dhamiri yake inagongana na sheria?
5. Kijana wa parokia yetu akitishiwa na majirani kwa sababu hii, kamati itafanya nini juma hilohilo? Mpangeni mtu wa kwanza wa kupigiwa simu, na mahali salama pa kumpeleka.

Katibu aandike majibu ya swali la tano kwenye kumbukumbu za kikao, na kamati iyapitie tena katika mkutano wa robo ijayo.